Dini Isiuzwe: Ombi la Mtu Asiyeomba

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu huria, hifadhidata na jinsi ya kuifufua kompyuta iliyokufa. Leo sina hayo. Leo nataka kuandika juu ya dini, na najua nitatukanwa. Lakini mambo yenyewe yalianzia kwenye programu niliyoiandika kwa mikono yangu, kwa hiyo msiseme nimetoka nje ya mada.

Kwanza niweke wazi. Mimi siamini kwamba kuna Mungu. Kiswahili kinaniita mkana Mungu, jina nisilolipenda sana, kwa sababu anayekana ni yule anayejua ukweli kisha akaukataa, kama Petro kabla jogoo hajawika. Mimi sijakana kitu. Nimetafuta sababu ya kuamini, sijaipata, basi. Katika sensa ya mwaka 2019 Wakenya 755,750 waliandikwa kwamba hawana dini, kati ya watu zaidi ya milioni 47. Ni wachache, lakini tukiitwa Kasarani uwanja utatujaza na kumwagika mara kumi.

Pili, leo nitawakasirisha watu wa pande mbili. Watakasirika wakana Mungu wenzangu wanaotaka dini ifungiwe chumbani isitoke. Na watakasirika waumini wanaodhani heshima ya dini ni kukaa meza moja na wenye vyeo. Hoja yangu ni moja tu: mimi nisiyeamini naihitaji dini iliyo huru katika maisha ya umma, na dini inayopokea bahasha haiwezi kuwa huru.

Sasa kisa.

Mama yangu ni mweka hazina wa kanisa moja huko kwetu nyumbani. Sitaji kanisa wala dhehebu, maana kisa hiki kingeweza kutokea kokote. Siku moja alinipigia simu. "Baba," akasema (huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la babake), "hizi hesabu zimenishinda. Vitabu vimekuwa vinne, na kimoja kimeliwa na panya. Wewe si ulisomea kompyuta?"

Nilisomea kompyuta. Miaka minne chuoni, ada ikilipwa na mama huyo huyo kwa mkopo wa chama. Ningemwambiaje kwamba siwezi kuandikia kanisa programu kwa sababu siamini? Nikaandika. Ni programu ndogo, haina maringo. Kila mchango unaingia na jina la mtoaji, namba ya simu, tarehe, kiasi na kazi ambayo fedha hiyo imekusudiwa. Zote hizo ni sehemu za lazima: usipojaza moja, programu inakataa kuhifadhi. Fedha za M-PESA zinaingia na namba yake ya muamala, za taslimu anaziandika mama. Kisha mtoaji anatumiwa ujumbe mfupi kwamba mchango umepokelewa.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuandika programu iliyopendwa kama hiyo. Kuna mjane mmoja anayeuza sukuma wiki sokoni. Alipotoa shilingi 50 za mabati akapata ujumbe kwenye simu yake ndogo, aliwaonyesha wenzake wote. M-PESA ilipoanza mwaka 2007 ilituzoesha Wakenya jambo moja: fedha ikitoka mkononi mwako, ujumbe urudi. Yule mama alijua haki yake.

Halafu akaja mheshimiwa.

Alikuja Jumapili na msururu wa magari. Akakaribishwa mbele na kupewa maikrofoni, akazungumza dakika arobaini. Katika hizo dakika arobaini Mungu alipata kama tatu hivi, zilizobaki zikaenda kwa mahasimu wake wa kisiasa. Mwishoni akatoa bahasha ya kaki yenye shilingi 300,000 za mabati. Vigelegele. Kwaya ikaimba. Akaondoka kabla ya baraka ya mwisho.

Jumatatu mama akapiga simu. "Baba, programu yako inakataa."

"Inakataa nini?"

"Mwenyekiti anasema pale kwenye jina niandike 'mhisani'. Na namba ya simu nisiweke."

Nikamwambia programu haikatai kwa bahati mbaya, inakataa kwa sababu niliiambia ikatae. Nikamwuliza kama anataka niibadilishe, ni kazi ya dakika tano. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwenyekiti ndiye anayetaka." Sikuibadilisha, na yeye hakurudia kuniomba. Zile fedha ziliandikwa kwenye daftari la shule lenye jalada la samawati, chini ya neno "Mengineyo".

Niliporudi nyumbani mwezi wa Desemba nililiona lile daftari. Fikirini jambo hili. Shilingi 50 za mjane wa sukuma wiki zina jina, namba ya simu, tarehe, saa na dakika. Shilingi 300,000 za mheshimiwa hazina mwenyewe. Anayehesabiwa ni maskini. Mwenye nguvu anaaminiwa tu. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia seva ataona tatizo hapo hapo: tumempa mtumiaji mmoja haki zote za msimamizi, kisha tumefuta daftari la matukio ili tusijue alifanya nini.

Hilo ndilo jambo lililonikaa moyoni. Si kwamba watu wanasali.

Sasa nizungumze na wakana Mungu wenzangu, hasa wale vijana ninaokutana nao kwenye kazi hizi zetu. Wao wakisikia kisa hiki watasema, "Tulikuambia! Dini ni utapeli. Iondolewe shuleni, iondolewe bungeni, iondolewe kwenye wimbo wa taifa." Ndugu zangu, nawaelewa. Wimbo wetu wa taifa ni dua tangu neno la kwanza. Katiba ya 2010 inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, kisha katika kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya serikali. Mwanasheria atasema hapo hakuna mgongano. Mimi kama mwandishi wa programu naona maelezo ya juu yanasema jambo moja na msimbo wenyewe unafanya jingine, na nashukuru kwamba kinachotekelezwa ni msimbo. Sina haja ya kupigania utangulizi. Wimbo ukipigwa nasimama, nao wanaoomba waombe.

Ninachotaka mkumbuke ni historia, maana wengi wetu tulizaliwa wakati mambo yenyewe yakiisha.

Mwanzoni mwa mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Polisi waliwashambulia kwa virungu na mabomu ya machozi, na Maathai akapigwa hadi akazimia. Akina mama hao walikwenda wapi? Si chuo kikuu. Si ofisi ya chama cha siasa. Walikwenda All Saints, kanisa kuu la Kianglikana lililo karibu na bustani hiyo, wakakaa humo karibu mwaka mzima hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Mwaka 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliingia ndani ya kanisa hilo hilo wakawapiga watu waliokuwamo. Huwezi kuvamia mahali pasipokutisha.

Kabla ya hapo, siku ya mwaka mpya wa 1990, mchungaji Timothy Njoya wa Presbyterian alisimama mimbarani akasema kwamba yaliyoziangusha serikali za Ulaya Mashariki yangeweza kufika Afrika. Mwezi wa nane mwaka huo askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki katika ajali ya barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri kumwonya hadharani kwamba akikanyaga huko huenda asitoke hai. Mwaka 1999 Wakristo, Waislamu na Wahindu walikutana katika jumba la Ufungamano jijini Nairobi, wakaanzisha mchakato wao wa katiba mpya baada ya wanasiasa kutaka kuufanya wao peke yao. Ile haki ya dhamiri iliyo katika kifungu cha 32 cha katiba, inayonilinda mimi nisilazimishwe kushiriki ibada nisiyoiamini, inatokana kwa sehemu na kazi ya watu walioamini.

Na mimi mwenyewe? Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa katikati ya jiji la Nairobi kama vijana wengine wengi, tukipinga Mswada wa Fedha. Moshi ulipozidi na milio ikaanza, nilikimbia bila kujua ninakwenda wapi. Lango moja lilikuwa wazi. Mzee mmoja alikuwa amelishika kwa mkono akituita, "Ingieni, ingieni, watoto wangu." Ilikuwa nyumba ya ibada. Nililetewa maji ya kunawa macho na mwanamke ambaye hakuniuliza dini yangu. Nilikaa humo saa tatu. Nawauliza wenzangu mnaotaka dini ifungiwe chumbani: siku hiyo lango hilo lingefunguliwa na nani?

Lakini ngojeni, waumini, msianze kupiga makofi. Sasa ni zamu yenu.

Lango lile lilifunguka kwa sababu gani? Mtasema ni kwa sababu ya imani. Mimi nasema imani pekee haitoshi, kwa sababu tumeona imani ikiwa pale pale na lango likafungwa. Wakati wa Moi kulikuwa na makanisa yaliyomsifu kila Jumapili, na Biblia yao ilikuwa ile ile ya Muge. Kuelekea uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa makanisa waligawanyika kwa kabila na kwa chama, kila mmoja akimwombea mtu wake. Ghasia zilipozuka hawakuwa na sauti. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye mwaka huo Baraza la Makanisa, NCCK, liliomba radhi kwa taifa kwa kuegemea upande. Nawaheshimu kwa kuomba radhi. Lakini radhi ile ni ushahidi wa ninachosema: kiongozi wa dini akishaingia kwenye mfuko wa mwanasiasa, siku ya moto hana pa kusimama.

Kinachofungua lango ni kutokuwa na deni. Muge na Njoya hawakuwa na deni kwa mtu wa Ikulu. Ndiyo maana wangeweza kusema walichosema, na ndiyo maana waliogopwa.

Basi tazameni hali ya leo. Mwezi wa Novemba 2024 maaskofu wa Katoliki walitoa taarifa kali kuhusu serikali na uongo katika uongozi. Siku chache baadaye rais alihudhuria misa katika kanisa la Soweto, Nairobi, akatoa michango. Jimbo kuu la Nairobi likaikataa, likasema irudishwe. Ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2, na kwaya na padri wa parokia ile hawakuwa matajiri. Nawaambia kweli, mimi nisiyekwenda misa nilisimama nikapiga makofi mbele ya kompyuta yangu. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Kanisa la Kianglikana lilikuwa limewakataza wanasiasa kuhutubia waumini wakati wa ibada. Hiyo ndiyo dini ninayoizungumzia.

Miezi michache baadaye, Machi 2025, rais akaahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja huko Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana kuelekea kanisa hilo, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Fikirini picha hiyo. Mwaka 1997 polisi walikwenda kanisani kuwapiga waliojificha. Mwaka 2025 polisi walikwenda kulilinda kanisa dhidi ya vijana waliouliza fedha zimetoka wapi. Sijui kama mchungaji aliyepewa ni mtu mbaya, na wala si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba siku nyingine nikikimbia risasi, mlango wa mtu aliyepokea milioni 20 sitaubisha. Na hata nikiubisha, yeye atafikiri mara mbili.

Kuna wanaosema dawa ni serikali kuzidhibiti dini. Wanataja Shakahola. Na nani asiyeitaja? Mwaka 2023 katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, na watoto walikuwamo. Mhubiri na wenzake walishtakiwa, wakakana mashtaka. Mimi niliposoma habari zile sikulala. Lakini tuulize vizuri: ni sheria gani iliyokosekana? Kumnyima mtoto chakula hadi afe ni jinai tangu zamani, hata ukiitia aya ngapi. Mhubiri yule alikuwa ameshakamatwa na polisi kabla ya hapo. Kilichokosekana ni watu wa kuingia, kuuliza na kufuatilia.

Ukimpa afisa wa serikali mamlaka ya kuamua mafundisho yapi ni sahihi, Shakahola haitaisha, ila utakuwa umempa mwanasiasa kamba ya kumfunga askofu atakayemkosoa. Na baada ya askofu atanijia mimi. Nasema hivyo kwa sababu yametokea: mwaka 2016 chama cha wakana Mungu wa Kenya kilisajiliwa, na mwaka huo huo usajili wake ukasimamishwa. Chama kikalazimika kwenda mahakamani. Kiongozi wa dini aliyefurahia jambo lile hakuelewa kwamba kalamu iliyotufuta sisi inaweza kumfuta yeye pia.

Sasa, matumaini yangu ni yapi? Nitayaorodhesha kama tunavyoorodhesha mahitaji kabla ya kuandika programu.

1. Vitabu vya hesabu vifunguliwe. Si kwa serikali peke yake, bali kwa waumini wenyewe. Kila kanisa, msikiti na hekalu libandike ukutani fedha zilizoingia, zilizotoka, na nani alitoa kiasi kikubwa. Anayetaka kutoa kwa siri ili asijisifu, atoe kidogo kama wengine. Anayetoa laki tatu mbele ya kamera hajifichi kwa unyenyekevu. Katika programu huria tunasema msimbo ukiwa wazi, macho mengi yatauona mdudu. Hesabu ni hivyo hivyo.

2. Maikrofoni ya ibada isiwe ya wanasiasa. Mheshimiwa akija kusali akae kwenye benchi kama fundi na mama mboga. Akitaka kuhutubia kuna uwanja wa soko, na sisi wengine tutakuwepo kumjibu. Kanisani hajibiwi, ndiyo maana anapapenda.

3. Dini ije kwenye mijadala ya umma, tena ije kwa sauti kubwa. Naam, nasema ije. Izungumzie ushuru, ardhi, vijana waliotekwa, hospitali zisizo na dawa. Mashirika ya dini yanaendesha hospitali kama Kijabe na Tenwek, yanajua mgonjwa anakufaje kwa kukosa fedha. Waje watuambie. Ninachoomba ni kwamba wanapotaka jambo liwe sheria kwa wote, watupe sababu ambayo hata mimi naweza kuipima. "Imeandikwa" ni sababu tosha kwako na kwa jamaa zako. Kwangu ni kama kunipa programu bila kuniambia inafanyaje kazi, kisha kunilazimisha niiweke kwenye mashine yangu.

4. Mtoto wa mwenzako ahesabiwe kama wako. Kesi ya hijabu katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist ilipanda kutoka Mahakama Kuu hadi Rufani mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu mwaka 2019. Miaka yote hiyo kwa sababu ya kitambaa cha kichwani! Mwaka huo huo wa 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa Kirastafari hakustahili kufukuzwa shuleni Nairobi kwa ajili ya nywele zake. Mimi siamini hijabu wala rasta. Lakini natumaini siku itakapofika mzazi Mkristo atasimama kwenye mkutano wa shule kumtetea mtoto wa Kiislamu, na wote wawili wamtetee mtoto wangu atakayeomba kukaa maktaba wakati wa sala. Leo mtoto anachagua kati ya elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Asiye na dini hana kisanduku cha kuweka alama.

Hayo manne tu. Mtaona hakuna hata moja linalomtaka mtu aache kuamini.

Najua mtakavyonijibu, nijibu mapema.

Mtasema, "Wewe huamini, kanisa letu lakuhusu nini?" Linanihusu kwa sababu lango lile lilinihusu. Na linanihusu kwa sababu fedha za bahasha hazitoki mbinguni. Mshahara wa mbunge unajulikana. Anayegawa zaidi ya mshahara wake kila wikendi anagawa fedha za mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mimi na wewe, tuliolipa kodi. Zahanati ikakosa dawa, kanisa likapata mabati, na wagonjwa wakaombewa chini ya mabati hayo.

Mtasema, "Bila wanasiasa hatutamaliza ujenzi." Labda mtachelewa. Mama yangu alinionyesha kwenye programu: kwa mwaka mmoja michango midogo ya waumini, ya shilingi 50, 100 na 200, ilipita zile laki tatu za mheshimiwa. Waliojenga kanisa ni wao. Yeye alinunua maikrofoni kwa dakika arobaini, na kwa bei rahisi.

Mtasema, "Hata ninyi mna wenu wanaojipendekeza kwa serikali." Kweli kabisa. Nimewaona watu wa teknolojia wakiandika mifumo ya serikali bila kuuliza itatumika kumfuatilia nani. Sisi nasi tuna bahasha zetu, ila zetu huitwa zabuni. Siwahubirii nikiwa malaika.

Nimalizie kisa cha mama. Mkutano mkuu wa mwaka ulifika. Mama alisimama kusoma hesabu kama kawaida, kutoka kwenye karatasi zilizochapishwa na programu. Alipomaliza hakukaa. Alifungua mkoba, akatoa lile daftari la samawati, akasoma: tarehe, shilingi 300,000, na jina la mheshimiwa, lote, la kwanza hadi la ukoo. Akasema, "Hizi pia ni fedha za kanisa, na mimi ndiye mweka hazina." Mwenyekiti alikasirika. Mzozo ulichukua saa mbili. Kuna waliosema anawaaibisha wageni. Yule mjane wa sukuma wiki aliuliza swali moja tu, kama mheshimiwa naye alipata ujumbe kwenye simu. Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Mwaka huu kuna uchaguzi wa kamati. Mama anasema huenda asirudi. Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia bei ya mahindi imepanda, lakini miaka kumi na moja aliyoshika ufunguo wa lile sanduku najua ina uzito gani kwake. Hana ofisi nyingine duniani. Nilimwuliza kama ninahusika, kama ningeibadilisha programu ile siku mambo yasingefika huku.

Akanijibu, "Wewe baba, Mungu humwamini, lakini risiti unaiamini. Mimi naviamini vyote viwili. Niache."

Nikamwacha. Lakini kama kuna msomaji wa hapa aliye kwenye kamati ya kanisa au ya msikiti, na Jumapili au Ijumaa hii kuna mgeni anayekuja na bahasha, nakuomba, mwandike jina. Na kama mweka hazina wenu ni mwanamke mwenye umri wa mama yako na yuko peke yake, kaa karibu naye siku ya mkutano.

Programu yenyewe ni huria, nitampa yeyote anayeitaka bila malipo, pamoja na msimbo wake wote. Sharti ni moja: ile sehemu ya jina msiifute. Haya, mawe nayasubiri. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.